Aliyeshika Erieta Peke Yake

Daktari alipima presha ya Phanice mara ya kwanza. Akapima tena kwenye mkono wa pili. Akavua miwani.

"Mama, kuanzia leo unalala," alisema. "Ubavu wa kushoto, mpaka mtoto aje. Hakuna jiko, hakuna shamba, hakuna kazi."

"Hata kazi ya kukaa?"

"Ya kukaa gani?"

"Ya kompyuta."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ukishupaa, hii presha itakuangusha wewe au mtoto, na mimi sitaki siku moja nimwite huyu mzee nimwambie achague."

Huyo mzee alikuwa Obadiah Ondieki, mumewe, umri miaka thelathini na saba, karani wa kituo cha majani chai kule Ikonge. Alikuwa amesimama karibu na mlango, amekumbatia mkoba wa mkewe. Alisema ndiyo daktari, asante daktari, atalala, hata ikibidi nimkalie juu. Walipotoka nje, Kisii mjini ikiwa imeshaanza kelele zake za asubuhi, ndipo Phanice alipomshika mumewe mkono.

"Baba Ashley, zimebaki siku kumi na tatu. Nani ataishika Erieta?"

Obadiah alimtazama. Mtu anaambiwa habari za kufa, yeye anauliza habari za programu! Lakini alikuwa amemwoa mwanamke huyu miaka minane, na alijua swali lile lilikuwa limemkaa kooni tangu daktari alipovua miwani.

Sasa nikueleze Erieta ni nini, maana bila hivyo utamwona huyu mama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii, erieta ni jina. Phanice ni karani wa kumbukumbu katika zahanati moja upande wa Magwagwa. Miaka sita nyuma, mbele ya macho yake, bibi mmoja alidungwa sindano ya dawa ambayo kadi yake ilisema wazi asipewe kamwe. Kadi ilikuwapo. Iliandikwa Nyachera, na siku ile bibi akaandikishwa Nyanchera, n moja imezidi, kompyuta ikasema hakuna mtu kama huyo. Bibi hakufa, Mungu alisaidia, lakini alivimba uso foleni nzima ikimtazama. Phanice, ambaye naye ni Nyanchera kwao, alirudi nyumbani akalia mpaka chakula kikaungua.

Alipomaliza kulia alianza kazi. Alikuwa na stashahada yake ya kompyuta, na kichwani alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi chuoni: alijua watu wa kwao wanavyoandika majina. Ile n inayoingia na kutoka itakavyo. Ile r na l zinazobadilishana viti. Ile b ambayo mgeni huisikia kama v, kwa hiyo Bochaberi anageuka Bochaveri akifika tu mbele ya karani wa kutoka mbali. Akaandika programu ndogo inayoyajua hayo yote, akaiweka mtandaoni iwe huria, yaani kila mtu aichukue, aitazame ndani, aitumie bila kuomba ruhusa. Watu wakaichukua, maana herufi za kuhamahama haziko Kisii peke yake. Mfumo mmoja mkubwa wa kumbukumbu za wagonjwa, nao huria, ukaiingiza ndani yake, na leo zahanati za nchi saba humtafuta mgonjwa kwa Erieta. Wa kuichukua walikuwa wengi. Wa kuitunza alikuwa mmoja, tena baada ya kazi, baada ya mifugo, baada ya watoto wa Sunday school... samahani, nimekosea, hawa ni Wasabato. Ukurasa wa Erieta hata una maandishi juu kabisa: kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, usingoje jibu.

Toleo jipya la ule mfumo mkubwa lilikuwa litoke Jumatatu ya wiki ya pili. Kila kipande ndani yake lazima mtunzaji wake akikague na kutia sahihi. Kisichotiwa sahihi kinatolewa nje. Erieta ikitolewa, kompyuta zote zinarudi kutafuta majina herufi kwa herufi, na akina Nyachera wanarudi kuvimba nyuso.

*

Nyumbani, mama mkwe Bochaberi alikuwa ameshahamia. Aliletwa na habari, na habari Ikonge hazihitaji gari.

"Ni joto la hiyo mashine," alisema, akiitazama kompyuta kama mtu anayetazama nyoka mezani. "Nilisema. Mwanamke mjamzito anajiwekea moto mapajani. Tena kwa ajili ya nani? Wazungu! Bure!"

"Mama, si wazungu," Phanice alisema kutoka kitandani.

"Basi wanakulipa?"

"Hapana."

"Basi ni wazungu."

Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea. Walileta ndizi na maziwa, wakaimba vizuri, halafu mmoja akauliza kwa sauti ya huruma kama ni kweli daktari alikuta mtoto ameathirika kwa ajili ya mtandao. Phanice alitabasamu kwa adabu. Walipotoka, aligeuka ukutani, ubavu wa kulia, ule alioambiwa asilalie.

Obadiah aliketi ukingoni mwa kitanda. "Hakuna mtu wa kukusaidia huko ndani?"

"Yuko mmoja. Anaitwa Nyasani."

Huyu Nyasani alikuwa amejitokeza miezi mitatu kabla. Hakuna aliyemwona uso. Aliandika kwa heshima, akarekebisha makosa madogo, akajieleza kuwa mtoto wa Nyakoe anayefanya kazi ng'ambo. Ukurasa wa Erieta ulisema "Mtunzaji" tu, lakini kwake Phanice alijitaja, naye akamwita dada. Katika miaka sita, alikuwa mtu wa kwanza kuiandikia Erieta asante kabla ya lakini. Phanice alisoma ile asante mara nne, sioni haya kukwambia. Wengine wote waliandika kama watu waliouziwa redio mbovu. Alikuwapo hata bwana mmoja wa kutoka mfumo mkubwa, A. Anyona, ambaye kila mwezi alituma barua ya Kiingereza iliyoanza kwa "Mheshimiwa Bwana Mtunzaji" na kuisha kwa kuuliza kazi imekwama wapi.

"Sasa Nyasani ameomba nimpe funguo," Phanice alisema. "Paswadi zote. Anasema, dada, pumzika, usiumie, mimi nitatia sahihi."

"Mpe! Unangoja nini?"

"Nangoja nimalize kusoma orodha yake. Ameleta majina mia tatu ya kujaribia. Sheria yangu ni hiyo: hakuna kinachoingia Erieta bila mimi kukisoma. Na kichwa kinaniuma, Baba Ashley. Herufi zinacheza."

Obadiah alivuta kiti. "Lala ubavu wako. Nitakusomea mimi."

Ninapenda kukumbuka picha hii. Mwanamume aliyetoka kupima majani ya chai tangu alfajiri, buti zake mlangoni, ananyoosha kidole juu ya kioo cha mashine ambayo kwa miaka sita aliiita mke mwenza. Alisoma kama mtu anayeita majina kituoni, kwa sauti, kwa mpigo.

"Onsongo. Onsongo. Nyanchera. Bosibori. Onsongo. Nyanchera. Nyanchera." Akasimama. "Haya ameyatoa wapi?"

"Kwenye daftari la matanga ya nyanya yake, Nyakoe. Anasema alinakili herufi kwa herufi, vile waombolezaji walivyojiandika wenyewe."

Obadiah akarudi juu, akasoma kimya sasa, midomo ikicheza. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeonyeshwa noti ya bandia.

"Mama Ashley, hii si matanga ya Wakisii."

"Vipi?"

"Onsongo yuko hapa mara kumi na moja. Wote wameandika Onsongo. Sawasawa! Nyanchera tisa, wote sawasawa. Mimi kituoni nina Onsongo wanne. Mmoja anaandika Osongo. Wa pili Onsongo. Wa tatu anaweka ng' kwa sababu mwalimu wake alikuwa Mjaluo. Wa nne anaweka kidole gumba. Na wewe mwenyewe, kitambulisho ni Phanice, cheti cha ubatizo ni Fanis, na kadi ya harusi yetu ilisema Phannis nikalipishwa kuichapa upya. Watu mia tatu, wanalia, wanapeana kalamu moja, na hakuna hata mmoja amekosea? Hakuna! Huyu mtu hajawahi kwenda matanga ya kwetu. Amenakili kitabu."

Phanice aliinuka kwa kiwiko. Miaka sita aliijenga Erieta juu ya kosa lile, na maumivu ya kichwa yakamfanya asilione lilipokosekana.

"Labda alisafisha tu," alisema, lakini yeye mwenyewe hakuamini.

"Alisema herufi kwa herufi. Jumapili naenda Nyakoe."

*

Nyakoe si mbali, na matanga makubwa hayafichiki. Obadiah aliuliza kwa wauza viatu, akauliza kwa mama wa mboga, akataja jina la ukoo aliloandika Nyasani. Watu walimtazama kwa huruma, wakidhani amepotelewa na maiti. Mwishowe mtu akamwambia aulize Joyline, karani wa kumbukumbu katika zahanati ya karibu, anayejua aliyezaliwa na aliyekufa.

Joyline alikuwa akifua nyuma ya nyumba yake. Mwembamba, mcheshi, mikono imejaa povu.

"Matanga hayo hayakuweko," alisema. "Kwani ni madeni ama ni nini?"

Obadiah akamweleza, akitafuta maneno, maana hakuwahi kuieleza Erieta kwa mtu. Alipofika kwenye jina la programu, Joyline aliacha nguo majini.

"Ngoja. Erieta hii hii? Inayotafuta wagonjwa?"

"Ndiyo."

"Imetengenezwa Ikonge?"

"Na bibi yangu. Chumbani kwangu."

"Wacha! Aki mimi nilijua tu! Nilisema, hii kitu inajua Wakisii sana, mzungu gani anajua mambo ya n?" Akaingia ndani mbio, akatoka na daftari la shule limekunjika pembe. "Nimeandika humu kila jina linaloishinda. Miaka miwili. Watoto wanaopewa majina ya marehemu, halafu wanaitwa lingine shuleni. Sikujua nipeleke wapi. Nilidhani wenyewe wako Ulaya."

Obadiah alilifungua. Kurasa arobaini, wino wa rangi tatu, na hakuna Onsongo wawili walioandikwa sawa. Alisimama pale katikati ya matone ya nguo mbichi, machozi yakamjia, mwanamume mzima. Mke wake alikuwa amelala na presha kwa kukosa mtu wa kumsaidia, na mtu mwenyewe alikuwa hapa, mwendo wa asubuhi moja, na daftari lake sandukuni.

*

Phanice alimjibu Nyasani kwa adabu kuliko alivyostahili. Alimshukuru kwa kazi yake, akamwambia funguo hazitoki, akamwuliza lile daftari la matanga lilikuwa la nani.

Nyasani hakujibu swali. Badala yake, kwa siku mbili, walizuka watu wanne ambao hakuna aliyewahi kuwasikia, wote kwenye ukurasa wa Erieta, mbele ya kila msomaji. Mmoja aliandika kuwa mradi umekufa na mwenyewe hataki uzikwe. Mwingine akasema kuna wanawake wanaong'ang'ania kiti wasichoweza kukikalia. Wa tatu akasema kama ni mgonjwa si ampishe mzima. Obadiah aliyasoma yote, akafunga kompyuta kwa kishindo.

"Hunisomei?" Phanice aliuliza.

"Ni matangazo ya biashara."

"Obadiah."

"Wanakutukana," alisema. "Wanakutukana wewe, na umewafanyia bure! Nikiwapata hao watu mimi, haki, nitawatwika magunia ya majani mpaka wakumbuke mama zao."

Phanice alicheka, kisha akalia, kisha mtoto akampiga teke, akanyamaza. "Niandikie barua moja tu. Kwa yule Anyona wa mfumo mkubwa. Mwambie kilichotokea. Mwambie naomba watu, siombi kitu kingine. Na umwambie mimi si bwana."

Obadiah aliandika kwa vidole viwili, kwa Kiswahili chake cha shule. Chini, kama karani yeyote, aliweka mahali: Ikonge, Nyamira.

Jibu lilikuja kabla ya uji kupoa. Lilikuwa na maneno matatu. "Ikonge hii yetu?"

Anyona, yule wa barua za Kiingereza, alikuwa na ofisi Kisii mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Kesho yake alifika na Joyline, aliyempitia Nyakoe kama Obadiah alivyomwomba, matope mpaka magotini. Kijana nadhifu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasimama mbele ya kitanda, akakosa pa kuweka mikono.

"Madam, mimi ndiye... zile barua... nilidhani ni mzee fulani huko Uholanzi aliyeokota neno letu. Nisamehe kabisa."

"Barua ishirini na tatu," Phanice alisema.

"Nisamehe mara ishirini na tatu."

"Keti. Unajua kusoma kanuni za programu?"

"Najua."

"Joyline, unajua?"

"Nilisoma kidogo politekniki. Nimesahau nusu."

"Nusu inatosha. Tuanze na hiyo."

Siku zilizobaki za wiki ile kitanda kiligeuka darasa. Phanice alilala ubavu wa kushoto akafundisha. Anyona alikuja akitoka kazini saa kumi, Joyline akimaliza zamu yake, na Obadiah akawa mtu wa majina: kila kanuni mpya ilijaribiwa kwake kwanza, na akisema "hakuna mtu Nyamira anakosea hivyo," kanuni inafutwa. Majina ya Nyasani yalitolewa, na kila alichowahi kukigusa kikakaguliwa upya. Ndani ya rekebisho lake moja, dogo, Anyona alikuta mlango uliofichwa vizuri, wa kuingilia kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Aliusoma mara tatu kabla ya kuwaonyesha. Jina la Nyasani lilitoweka mtandaoni wiki ile ile, na wale wanne pamoja naye. Alikuwa nani hasa, hatujui mpaka leo.

Kisha Phanice akaweka sheria mpya. Paswadi zisiwe za mtu mmoja tena. Watunzaji ni watatu, yeye, Joyline na Anyona, na hakuna kinachotoka mpaka wawili wakubaliane.

"Yaani hata wewe huwezi kutoa kitu peke yako?" Bochaberi aliuliza. Alikuwa amekaa pembeni siku zote zile akimenya viazi, kumbe anasikiliza. "Kitu chako mwenyewe?"

"Hata mimi, mama."

Mama mkwe alitafakari, kisu mkononi. Asubuhi iliyofuata, mwanamke mmoja wa kanisani alipofika na maneno yake ya joto la mashine, Bochaberi alimpokea uani. Alimwambia, kwa sauti ya kufika barabarani, kwamba mkamwana wake amezuia wezi wa nchi saba akiwa amelala, na yeye akiwa amesimama amezuia nini?

*

Jumamosi, watu wakiwa kanisani, macho ya Phanice yaliona vimulimuli. Presha ilikuwa imepanda kuliko siku zote. Obadiah alimbeba mwenyewe mpaka barabarani. Kisii walimpokea, wakampasua jioni ile ile, wakatoa mtoto wa kiume mdogo mwenye sauti kubwa. Phanice hakumwona. Siku tatu alikuwa akizama na kuibuka, watu wakiongea kwa mbali, Obadiah akiomba kando ya kitanda kwa maneno yasiyo na mpangilio. Jumatatu ikafika, ikapita. Hakujua.

Jumatano asubuhi alifungua macho akajua alipo. Alimwona mumewe ameketi, ndevu zimeota ovyo, mtoto kifuani mwake ndani ya blanketi.

"Mzima?" alinong'ona.

"Mzima. Anakunywa kama ndama. Na wewe presha imeshuka."

Phanice alimgusa mtoto shavuni kwa kidole kimoja, muda mrefu. Kisha uso wake ukabadilika.

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Jumatatu ilipita? Erieta je?"

"Ilitoka. Joyline alitia sahihi, Anyona akatia. Saa tatu asubuhi."

"Ilikuwa sawa?"

"Jumanne ilikataa. Karani mmoja, nchi gani sijui, akaandika kuwa inachanganya majina ya pacha. Joyline akapata kosa. Mimi nikamtafutia majina ya pacha wote wa kituoni, kwa simu, nikiwa hapa hapa. Anyona akakagua. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imetengenezwa."

"Simu yangu ilikuwa wapi?"

"Kwa mkoba. Imezimwa."

"Hakuna mtu alisema niamshwe? Hakuna mtu aliuliza?"

Obadiah alisita. Alimjua mkewe, na hakutaka kumwumiza siku yake ya kwanza ya kuwa hai. Lakini hakuzoea kumdanganya.

"Hapana, Mama Ashley. Hatukukuhitaji."

Phanice alijifunika uso kwa leso. Mabega yakaanza kutikisika. Obadiah akashtuka, akainama na mtoto mkono mmoja, akianza kusema hakumaanisha vibaya, kazi ni yake, kila mtu anajua ni yake. Ndipo aliposikia kuwa anacheka, anacheka na kulia pamoja, akishika mshono wake usifumuke.

"Sema tena," alisema chini ya leso.

"Niseme nini?"

"Hivyo ulivyosema."

"Hatukukuhitaji."

"Tena."

"Hatukukuhitaji, Phanice. Hata kidogo."

Alitoa leso usoni, akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akageuka naye ubavu wa kushoto, na kabla nesi hajafika na chai, wote wawili walikuwa wamelala.